Diski ya Mtumba Haiji Peke Yake

Faili la kwanza nililoliona liliitwa "cheti cha kifo baba". Chini yake lilikuwapo "nida mdhamini", likafuata "pasipoti saizi", kisha "barua ya mtendaji imesainiwa". Yote manne yalikuwa ya mtu mmoja. Folda yake ilikaa katikati ya folda nyingine nyingi, kila moja na jina lake, majina mawili mawili kama yanavyoitwa darasani asubuhi, nami nikazungusha gurudumu la mausi kuzishusha mpaka kidole kikachoka kabla hazijaisha.

Nilikuwa nyumbani Tegeta, saa nne usiku. Mbele yangu ilikuwapo diski ya SSD ya mtumba niliyoinunua mchana wa siku hiyo kwenye fremu moja karibu na stendi ya Makumbusho. Nilimnunulia mpwa wangu, aliyekuwa anaanza mwaka wa kwanza chuoni na laptopu ya kurithi ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inajikongoja. Fundi aliyeniuzia hakunidanganya. Alisema, "Ipo safi, mkuu, na Windows nimeshakupigia." Kweli, alikuwa amepiga Windows mpya kwenye C. Ila diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na ile D hakuigusa. Huko D ndiko steshenari moja ya Mbagala ilikokuwa ikitunza kazi za wateja wake. Nilijua ni ya Mbagala kwa sababu pembeni ya folda zile palikuwa na tangazo la bei za kuchapa, kutoa kopi na laminesheni, herufi kubwa za kubandika mlangoni.

Mkazi wa jiji hili la Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zile folda zilikuwa za nini. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, mwanafunzi anaingia steshenari na bahasha ya kaki. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, mna cheti cha kifo nacho kimehakikiwa. Kuna kitambulisho cha taifa, yaani NIDA, cha mdhamini, kuna picha, kuna saini na mhuri wa serikali ya mtaa. Kila karatasi inapita kwenye skana, inakaa kwenye kompyuta ya dukani, inapandishwa kwenye mfumo, kisha mwanafunzi anarudishiwa bahasha na kuondoka akiamini ameondoka na kila kilicho chake.

"Mjomba, imekufa?" mpwa wangu aliuliza, maana nilikuwa nimenyamaza muda mrefu.

"Haijafa," nikamjibu. "Ina watu."

Nilifunga dirisha lile bila kufungua faili hata moja la mteja. Tangu usiku huo nimekuwa nikiwauliza mafundi, wauzaji na wenye steshenari swali hilohilo: diski ikitoka kompyuta hii kwenda ile, nani anahakikisha kwamba waliokuwamo wametoka? Muuzaji anasema hiyo ni kazi ya mwenye mali. Mwenye mali anasema ni ya fundi. Fundi anasema mnunuzi atafomati mwenyewe akifika kwake. Diski inapita mikononi mwa wote watatu na watu wake ndani.

Zamani kompyuta zilikuwa adimu kwetu. Ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta kuingizwa kutoka nje. Anayepita leo Barabara ya Kilwa kuelekea Rangi Tatu, au anayetembea kwa mguu kutoka Mwenge kwenda Sinza, anapishana na kompyuta za mtumba kila baada ya fremu chache. Nyingi ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, mashine zilizomaliza zamu yao katika maofisi ya ng'ambo. Zikifika hapa zinaanza maisha mengine, na hazibaki nzima. Ram ya hii inahamia ile, kioo cha ile kinaokoa hii, na SSD, kwa kuwa ni ndogo na haina kelele, inahama kuliko kiungo kingine chochote. Mimi naipenda biashara hii. Imewapa kompyuta watoto ambao wazazi wao wasingemudu mpya, na fundi wa Tandika anayefufua mashine iliyotupwa Ulaya anafanya kazi ya maana sana. Ndiyo sababu nataka ifanywe vizuri.

Tuanze na kwa nini mtu ahangaike na SSD. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta kilipo kitu unachokitaka. SSD haina kinachozunguka. Inatunza data kwa chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo mno, teknolojia iliyobuniwa miaka ya 1980 na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba. SSD ya kawaida ya waya wa SATA husoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde, wakati diski ya laptopu inayozunguka hupata tabu kufika 150, na kwenye kuokota vijifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika tofauti huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa laptopu ya miaka kumi, hakuna matengenezo ya bei ndogo yanayoifufua kama kuiwekea SSD.

Lakini si kila SSD inaingia kila mashine, na hapa watu wengi hupoteza nauli. Zipo za mstatili za inchi 2.5, zinazokaa mahali palepale pa diski ya zamani. Zipo nyembamba kama kipande cha bigijii, ziitwazo M.2, nyingi zina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Hizi nyembamba nazo ni za namna mbili, SATA na NVMe, na zikiwekwa mezani pamoja zinafanana kama pacha. Tazama meno yake ya dhahabu: ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili, NVMe nyingi zina moja. Mashine iliyotengenezwa kupokea SATA tu haitaiona NVMe hata ikikubali kuingia kwenye tundu. Ushauri wangu ni mmoja: nenda dukani na mashine yenyewe, ifunguliwe ukiwapo, ijaribiwe ukiwapo.

Ukiwa palepale dukani, uliza afya. Ipo programu ya bure kutoka Japani, CrystalDiskInfo, na karibu kila fundi anayo kwenye flashi yake. Wengi huangalia asilimia tu, wakiona 90 wanatoa pesa. Shuka chini kidogo. Angalia diski imewashwa kwa jumla ya saa ngapi, na tangu izaliwe imeandikwa data kiasi gani. Vijumba vya SSD vinachakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kila mtengenezaji hutaja kiasi anachodhamini. Kingston A400 ya gigabaiti 240 imedhaminiwa terabaiti 80. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250 imedhaminiwa 150. Kwa hiyo SSD mbili zenye ukubwa unaokaribiana, zote zimeandikwa terabaiti 70, moja iko ukingoni na nyingine haijafika nusu ya safari. Asilimia peke yake haikwambii hayo.

Na hesabu hizo nazo zinaweza kuchezewa. Januari 2025 waandishi wa jarida la teknolojia la Heise la Ujerumani walifichua diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa, zikiuzwa na wauzaji mbalimbali kama mpya baada ya saa zake kurudishwa nyuma. Zile zilikuwa diski za kuzunguka, lakini mkono unaorudisha nyuma hesabu za hizo haushindwi na SSD. Zipo pia SSD za uongo kabisa: kasha limeandikwa terabaiti 2, ndani mna kadi ndogo ya gigabaiti 64 iliyofundishwa kudanganya. Dawa yake ni kuijaza yote na kuisoma tena. Programu ya H2testw, nayo ya bure, hufanya kazi hiyo. Inachukua muda. Muuzaji asiyekupa muda huo, usimpe pesa yako.

Kuna jambo moja la afya ambalo sijalisikia likisemwa madukani, nalo linatugusa sisi wa pwani. Kanuni za JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa hivi duniani, zinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyofika mwisho wa uhai wake iweze kushika data mwaka mmoja bila umeme, kwenye joto la nyuzi 30. Nyuzi 30 ni joto la kawaida la chumba cha Temeke kisicho na kiyoyozi. Juu ya hapo muda huo hupungua. SSD iliyochakaa si mahali pa kuweka picha za harusi kisha kuifungia kabatini.

Sasa nije kwenye kusafisha, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Wengi wetu tunaifikiria diski kama ubao wa darasani: ukiandika upya juu ya maandishi ya zamani, ya zamani yamekwisha. Kwa diski ya kuzunguka picha hiyo haiko mbali na ukweli. SSD ni daftari la wino. Neno likishaandikwa halifutiki peke yake. Ukitaka kulibadili, kidhibiti kilichomo ndani ya diski kinaliandika jipya kwenye ukurasa mwingine, kisha kinarekebisha fahirisi ili ukiuliza uonyeshwe lile jipya. Lile la zamani linabaki lilipo. Kurasa hazichanwi mojamoja, zinachanwa kwa mafungu, na kidhibiti huchana kwa wakati wake. Tena kinaficha kurasa za akiba ambazo Windows haizioni kabisa, ili zile zilizochoka zipate mbadala.

Matokeo yake ni kwamba programu za kufuta kwa kuandika sifuri juu ya kila kitu, zilizotutosha enzi za diski za kuzunguka, haziaminiki hapa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Michael Wei na Steven Swanson, walizifungua SSD na kusoma vijumba vyake moja kwa moja. Waligundua kwamba kufuta faili mojamoja kwa mbinu za zamani kulishindwa, kwamba kuandika juu ya diski yote kulifanikiwa mara nyingi ila si mara zote, na kwamba baadhi ya SSD zilipoamriwa kujisafisha hazikutekeleza vizuri amri ile. Moja iliripoti kwamba imemaliza, kumbe data yake ilikuwapo yote.

Watengenezaji wamejirekebisha tangu hapo. Mifumo ya kompyuta nayo, kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009, inaijulisha SSD kurasa zipi hazihitajiki tena, kwa amri iitwayo TRIM. Ukifomati SSD iliyofungwa ndani ya mashine, amri hiyo inaifikia, na baada ya muda kurasa zinachanwa. Lakini tazama fundi anavyofanya kazi kwenye fremu yenye foleni. SSD ya mteja haifungwi ndani. Inachomekwa kwenye waya wa USB juu ya meza, inafomatiwa kwa sekunde tano, inafuata nyingine. Waya nyingi za namna hiyo hazipitishi TRIM. Fahirisi imefutwa, Windows inaonyesha diski tupu, na kurasa zote zingalipo. Kijana yeyote mwenye programu ya kurudisha mafaili anazirudisha.

Njia sahihi ni kuiamuru SSD yenyewe ijisafishe. Amri hiyo, Secure Erase kwa za SATA, na kwa NVMe huitwa Format au Sanitize, hufika hata kwenye zile kurasa za akiba, na mara nyingi hukamilika kwa dakika chache, pengine sekunde. Mashine zilizojaa sokoni kwetu nyingi zinayo tayari ndani ya BIOS bila kununua chochote: HP EliteBook wanaiita Secure Erase, Dell Latitude wanaiita Data Wipe, na ThinkPad za karibuni nazo zina menyu yake. Watengenezaji wa SSD wana programu zao za bure, Samsung Magician kwa mfano, au Kingston SSD Manager. Anayejua Linux ana hdparm na nvme. Wakati mwingine SSD ya SATA inakataa amri kwa sababu BIOS imeifunga kwa usalama mashine ilipowaka. Mafundi wazoefu huilaza mashine usingizi, wanaiamsha, na kufuli linakuwa limefunguka. Ukimaliza, washa programu ya kurudisha mafaili wewe mwenyewe. Isipoona kitu, umefanya kazi yako.

Kwa anayeanza na diski mpya leo ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kuifunga kwa msimbo tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker au kinachofanana nayo. Kila ukurasa unaandikwa ukiwa umefungwa. Siku ya kuuza, ukishafuta na ufunguo, kilichobaki ndani hakisomeki kwa mtu. Ila andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48, uutunze pamoja na hati zako. Nimeona mtu akihamishia SSD yake kwenye mashine nyingine bila kujua kwamba Windows ilikuwa imeifunga. Mashine mpya ikamwomba ufunguo asiokuwa nao, na kazi zake za miaka minne zikabaki humo, salama hata kwake mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, nakala. Nasema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka diski yangu kwa fundi mmoja upande wa Chang'ombe, nikitaka anisafishie nyingine ya zamani niliyokwenda nayo. Zote mbili zilichomekwa pamoja. Akafungua diskpart, akachagua namba, akaandika clean. Amri hiyo haiulizi "una uhakika?" na haichukui hata sekunde moja. Namba aliyoichagua ilikuwa ya diski yangu nzima, yenye sauti za wazee wa Kilwa niliowahoji kwa mwaka mmoja. Clean hufuta ramani tu, data huwa bado ipo, na kama tungeishia hapo pengine ningeziokoa. Lakini kabla hatujagundua alikuwa ameshaanza kupiga Windows juu yake. Wawili kati ya wazee wale wameshatangulia mbele ya haki. Tangu siku ile sikubali diski mbili zichomekwe pamoja, na kabla ya amri yoyote nalinganisha ukubwa ulioandikwa kwenye kioo na ule ulio kwenye lebo.

Diski ikishakuwa safi, kuiingiza kwenye mashine mpya ni kazi ndogo. Igawe kwa mpango wa GPT kama mashine inawaka kwa UEFI, na MBR uwaachie wazee wa zamani sana. Usitegemee kuhamisha Windows ya mashine nyingine pamoja na diski: leseni ya Windows iliyokuja na laptopu imefungwa na mazabodi, na mpangilio wa diski kwenye BIOS ukitofautiana, kioo kinakuwa cha bluu kabla hujaona jina lako. Piga upya. Na hapa pana uamuzi wa kufanya, kwa kuwa Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo EliteBook nyingi za mtaani hazina. Laptopu ya mpwa wangu haina. Tuliiwekea Linux Mint. Wiki ya kwanza alinung'unika, ya pili akaacha.

Pia angalia betri. Laptopu nyingi za mtumba zinaishi kwa waya kwa sababu betri zimekufa, na umeme ukikatika ghafla SSD ya kawaida haina nafasi ya kumaliza ilichokuwa inakiandika. Inaweza kupoteza faili, inaweza kupoteza ramani nzima. Anayenunua SSD na kuiacha betri iliyokufa amefanya nusu ya kazi.

Nilimpata hatimaye fundi anayelichukulia jambo hili la kusafisha kama ninavyolichukulia mimi. Yuko Tandika, kwenye fremu isiyozidi upana wa milango miwili, na nilikuwapo pale alipoingia mama mmoja mwenye steshenari akitaka kuuza kompyuta yake ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kabla sijaifungua, humu una kazi za watu?"

Mama akafikiri. "Za watu ndizo nyingi," akasema. "Zangu mimi ni chache."

Fundi akavuta kiti, akamkalisha mbele ya kioo. Wakatoa kwanza zile chache zake, zikaenda kwenye flashi, akazifungua mojamoja kuhakikisha zinasomeka. Kisha SSD ikafungwa ndani ya mashine ya HP anayoitumia kwa kazi hiyo tu, akaingia BIOS, na mama akabonyeza mwenyewe kitufe cha mwisho. Ikamalizika kabla soda aliyoagiza haijafika. Fundi akabandika kipande cha selotepu ya karatasi juu ya SSD, akaandika tarehe na neno IMEFUTWA. Nilimuuliza anatoza kiasi gani kwa kazi ile. Akasema hatozi, ila SSD zenye selotepu yake haziozei dukani.

Habari za diski zisizosafishwa si ngeni duniani. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 walizonunua sokoni: kati ya 129 zilizokuwa zinafanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Canada walinunua diski Ghana, na katika mojawapo wakakuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Septemba 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, kwa sababu iliwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake watu wa kuhamisha mizigo wasiojua lolote kuhusu kufuta data, na diski zenye taarifa za wateja zikaishia mnadani mtandaoni.

Tulipozisoma habari hizo zilikuwa siri za wenzetu zinazokuja kwetu na mitumba yao. Mwelekeo umebadilika. Diski niliyoinunua Makumbusho haikuwa na siri ya ofisi ya London. Ilikuwa na watoto wa Mbagala, na ilisafiri kutoka Temeke kwenda Kinondoni bila kuvuka hata mpaka wa mkoa. Mwenye nia mbaya angepata pale kila kinachohitajika kujifanya mtu mwingine: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, saini, picha, jina la mzazi, namba ya simu ya mdhamini. Katika nchi ambayo laini ya simu, pesa ya simu na mkopo wa simu vyote vinafungwa kwenye namba ya NIDA, folda moja kama ile inatosha kumtia mtu katika deni asilolijua.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, zisipotee wala zisimfikie asiyeruhusiwa. Steshenari inakusanya taarifa za watu kuliko ofisi nyingi zenye walinzi mlangoni. Naiomba Tume isiishie kwenye mabenki na makampuni ya simu. Ishuke Rangi Tatu, ishuke Tandika, Manzese na Bunju, na isianze na faini. Ianze na karatasi moja ya maelekezo ya Kiswahili inayobandikwa ukutani pembeni ya bei za kopi, ikisema kazi ya mteja ifutwe baada ya siku ngapi, na kompyuta isafishwe vipi kabla ya kuuzwa. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha matengenezo ya kompyuta viweke somo hilo kwenye mtihani wa vitendo: mwanafunzi apewe SSD, aambiwe aisafishe, na mwalimu ajaribu kurudisha mafaili. Yakirudi, amefeli.

Wewe unayekwenda steshenari, usione haya kusema, "Dada, ukishatuma naomba unifutie na kwenye kompyuta." Kaa mpaka afute, na atupe na kile kilichoingia kwenye debe la takataka la Windows. Hiyo haitoshi kumzuia mtaalamu, lakini inatosha kwamba mashine ikiuzwa kesho, jina lako halitasomwa na kila anayefungua D.

Nilitafuta mwenye ile steshenari ya Mbagala kwa majuma mawili. Tangazo lake la bei halikuwa na namba ya simu, na aliyeniuzia SSD aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Kama unasoma hapa, na mwaka jana au juzi uliuza kompyuta iliyokuwa na kazi za wateja kwenye D, fahamu hivi: sikufungua faili lolote la mteja, sikubaki na nakala yoyote, na diski niliiamuru ijisafishe usiku uleule saa tano na nusu. Kompyuta zako nyingine ulizouza, nenda kazitafute.